Mwanagenzi wa Seremala: Maana ya Kumfuata Yesu

Katika Biblia ya Kiswahili, watu waliotembea na Yesu huitwa wanafunzi, na neno hilo, ingawa si la makosa, limetuponza kidogo. Msomaji wa leo akilisikia, humjia picha ya mtoto mwenye sare na daftari, anayeketi darasani mpaka kengele ilie, anayefanya mtihani mwishoni mwa mwaka, na ambaye siku moja atamaliza, atapewa cheti na kwenda zake. Ndiyo maana hatushangai tunapomsikia mtu mzima akisema kwamba alimaliza mafundisho ya kipaimara zamani sana, alipokuwa darasa la sita, kwa sauti ile ile ambayo angeelezea kumaliza shule ya msingi. Amehitimu. Kilichobaki ni kuhudhuria ibada, kutoa zaka, na kuhakikisha kwamba jina lake halikosekani kwenye orodha ya jumuiya, ili siku ya mazishi yake padri au mchungaji asisite kuja.

Lawama si ya lugha peke yake. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki Ukristo uliingia bega kwa bega na shule, hata ikawa katika Buganda ya mwishoni mwa karne ya 19 waongofu waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na kwa Wagikuyu wa Kenya waliitwa athomi, kwa maana ile ile. Kusoma na kuamini vilionekana kuwa jambo moja, na aliyeshika kitabu cha alfabeti kwenye uwanja wa misheni alihesabiwa kuwa ameshika na dini. Urithi huo una mema mengi, kwa kuwa ndio uliowapa watu Maandiko katika lugha zao na kuwawezesha kuyapima mafundisho ya wamisionari wenyewe. Hata hivyo uliacha nyuma dhana kwamba kumfuata Yesu ni somo ambalo mtu anaweza kulifaulu kwa kukariri, na kwamba anayejua majibu ya katekisimu tayari ni mfuasi.

Tukirudi kwenye Agano Jipya la Kigiriki, neno lililotafsiriwa "mwanafunzi" ni mathetes, mtu anayejifunza. Linatokea zaidi ya mara 250, na mara zote hizo ni katika Injili nne na Matendo ya Mitume, ilhali neno "Mkristo" linatokea mara 3 tu katika Agano Jipya zima. Matendo 11:26 inaeleza kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza huko Antiokia, nalo ni jina ambalo yaelekea walibandikwa na wenyeji wa mji huo. Uanafunzi ndio uliotangulia. Kitabu hicho hicho kinaiita imani yao "Njia", jina lenye mwendo ndani yake.

Wayahudi wa karne ya 1 walizoea kuwaona walimu wakizungukwa na wanafunzi, na kwa kawaida kijana ndiye aliyemtafuta mwalimu kwa kufuata sifa zake. Kwa Yesu mambo yamepinduka. Yeye ndiye anayepita kando ya Ziwa la Galilaya na kuwaita watu waliokuwa katikati ya shughuli zao, wengine wakitupa nyavu, wengine wakizitengeneza chomboni pamoja na baba yao. Hawakuwa wameomba nafasi. "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi," anawaambia baadaye katika Yohana 15:16. Tena Marko 3:14, inapoeleza kusudi la kuwaweka wale kumi na wawili, inataja mambo kwa mpangilio ambao mara nyingi tunaupita haraka: kwanza "wapate kuwa pamoja naye", kisha ndipo awatume kuhubiri. Kazi ya kwanza ya mfuasi ni kuwa karibu.

Kiswahili kina neno jingine ambalo, kwa maoni yangu, linaieleza hali hiyo vizuri zaidi, nalo ni mwanagenzi. Mwanagenzi ni yule kijana anayepelekwa kwa fundi ili ajifunze kazi. Hapewi daftari. Siku za kwanza anafagia maranda, anashika upande wa pili wa ubao, anatumwa dukani kununua misumari, na muda wote huo macho yake yako kwenye mikono ya fundi. Anajua jinsi randa inavyoshikwa kabla hajaambiwa sehemu zake zinaitwaje. Anajifunza pia, bila kufundishwa kwa maneno, jinsi fundi anavyozungumza na mteja anayechelewesha malipo na jinsi anavyojibu akitukanwa. Miaka ikipita, mjuzi akikitazama kiti alichokitengeneza kijana huyo, atatambua kwa viungo vyake ni fundi gani aliyemlea. Si bure kwamba watu wa Nazareti, katika Marko 6:3, wanamtambua Yesu mwenyewe kwa kazi ya mikono: "Huyu si yule seremala?" Na alipowaalika waliolemewa akisema, "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu," aliuweka ujifunzaji ndani ya chombo cha kazi.

Mfano huu una mpaka wake, na ni vema kuutaja mapema. Mwanagenzi wa kawaida huiva, akafungua karakana yake, na pengine akawa mshindani wa fundi wake. Mfuasi wa Yesu hafiki huko. Mathayo 23:8 inakataza wanafunzi kuitwa Rabi, kwa sababu mwalimu wao ni mmoja na wao wote ni ndugu. Anayefundisha wengine bado yuko benchi moja nao. Neno hili lingepaswa kuwakosesha usingizi wahubiri wanaojikusanyia watu wasioweza kuomba, kuamua wala kupona bila maji yao, mafuta yao na sauti yao redioni, kwa maana karakana ya namna hiyo imebadilisha fundi.

Anayetaka kuuona uanagenzi huu ukifanyika asome sehemu ya kati ya Injili ya Marko, kuanzia sura ya 8 hadi ya 10, kwa kituo kimoja. Mwanzoni kabisa mwa safari ya kwenda Yerusalemu yuko kipofu wa Bethsaida, ambaye anaponywa kwa hatua mbili: kwanza anawaona watu kama miti inayotembea, na baada ya kuguswa tena ndipo anaona sawasawa. Mwishoni yuko kipofu mwingine, Bartimayo wa Yeriko. Kati ya vipofu hao wawili Yesu anawaambia wanafunzi wake mara tatu kwamba atateswa, atauawa na kufufuka, na mara zote tatu wanaharibu kazi. Baada ya mara ya kwanza Petro anamkemea. Baada ya mara ya pili wanabishana njiani nani aliye mkubwa. Baada ya mara ya tatu Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto katika utukufu wake, na wale kumi wanakasirika, bila shaka kwa kuwa wametanguliwa. Yesu hawafukuzi. Kila mara anawaita, anaanza tena, na anawaonyesha mahali walipokosea. Marko anataka tuelewe kwamba wanafunzi hawa wako kwenye hatua ya kwanza ya yule kipofu: wameona, lakini wanaona miti.

Katika sehemu hiyo lipo jambo dogo la lugha ambalo tafsiri yetu imelihifadhi nusu. Yesu anapomjibu Petro katika Marko 8:33, "Nenda nyuma yangu, Shetani," maneno ya Kigiriki yanayomaanisha "nyuma yangu" ndiyo yale yale aliyoyatumia katika 1:17 alipowaita wavuvi, ambayo Kiswahili kimeyafupisha kuwa "Nifuateni". Kwa hiyo karipio lile, pamoja na ukali wake, linamrudisha Petro mahali alipoitiwa. Kosa lake lilikuwa kutoka nyuma akapita mbele, akamshika mwalimu na kumwelekeza pa kwenda. Kwa kipimo hicho, mtu anayemwomba Yesu abariki mipango ambayo haiwezi kujadiliwa hajaacha dini. Amesimama tu mbele ya anayepaswa kumfuata. Bartimayo kwa upande wake anaambiwa, "Enenda zako," ruhusa kamili ya kurudi popote anapotaka, na Marko anasema alipopata kuona alimfuata njiani.

Mara tu baada ya kumrudisha Petro nyuma, Yesu anatamka masharti ambayo pengine ndiyo yaliyotumiwa vibaya kuliko maneno yake mengine yote: anayetaka kumfuata ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, amfuate. Katika mazungumzo yetu ya kila siku msalaba umekuwa jina la taabu yoyote. Kisukari ni msalaba wangu, mkwe ni msalaba wangu, mtoto mlevi ni msalaba wangu. Waliosikia maneno haya kwa mara ya kwanza hawakuwa na msamiati huo. Walijua kwamba msalaba ni chombo ambacho dola ya Kirumi ilikitumia kuwaua watumwa na waasi hadharani. Mwaka wa 4 kabla ya Kristo, Varus, aliyekuwa liwali wa Siria, aliwasulubisha waasi wapatao 2,000, kama anavyosimulia mwanahistoria Yosefo, na kumbukumbu za namna hiyo hazifutiki katika kizazi kimoja. Aliyebeba mti wake akipitishwa barabarani alikuwa mtu ambaye heshima yake imekwisha, mali yake haimfai tena, na maoni ya majirani hayana tena uwezo wa kumwokoa. Kujitwika msalaba ni kukubali kuhesabiwa hivyo kwa ajili ya Yesu na njia yake, na Luka 9:23 inaongeza "kila siku", ili mtu asidhani kwamba jambo hilo linawahusu wafia dini peke yao.

Ugonjwa, basi, ni taabu inayostahili dawa, faraja na maombi, lakini si lazima uwe msalaba. Na hapa ni lazima kusema wazi jambo ambalo wazee wa makanisa mengi wamelikosea. Mwanamke anayepigwa na mumewe, akienda kuomba msaada akaambiwa avumilie kwa kuwa huo ndio msalaba wake, hajafundishwa ufuasi. Msalaba wa Injili mtu anajitwika kwa hiari. Hatwikwi na mwenye nguvu kuliko yeye. Yesu mwenyewe, watu wa Nazareti walipompeleka ukingoni mwa kilima ili wamtupe chini, alipita katikati yao akaenda zake, na katika Yohana 10 aliponyoka mikononi mwa waliotaka kumkamata. Aliutoa uhai wake saa ilipofika, na hadi saa hiyo hakumpa kila mwenye jiwe nafasi ya kulirusha.

Fundo jingine linahusu familia, na kwa wasomaji wa kwetu ndilo gumu zaidi. Luka 14:26 inasema kwamba mtu asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wa Yesu. Wako waliolichukua neno hili na kuwatelekeza wazazi kwa sababu ni "wa mataifa", na wako walioliona wakafunga kitabu. Ufunguo wake upo katika usemi wa Kiebrania, ambao hupenda kuweka "kupenda" na "kuchukia" pale sisi tungesema kupenda zaidi na kupenda pungufu, na Mathayo 10:37 inalithibitisha hilo kwa kulieleza neno lile lile kama kumpenda baba au mama kuliko Yesu. Zaidi ya hayo, ni Yesu huyo huyo ambaye katika Marko 7 anawashukia walioitumia desturi ya korbani, yaani kuiweka mali wakfu kwa Mungu, kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Mtu anayetoa sadaka nono kanisani huku mama yake kijijini akilala njaa asidhani kwamba amelitimiza neno la Luka 14. Kinachodaiwa ni kwamba familia isiwe na neno la mwisho: isiwe ndiyo inayoamua nani asamehewe, nani aolewe na nani, kabila gani lichukiwe, ni damu gani ilipizwe kisasi.

Hata lile jibu la kutisha, "Waache wafu wazike wafu wao," alilopewa mtu aliyeomba aruhusiwe kwanza kwenda kumzika baba yake, na ambalo katika jamii inayouheshimu msiba kama yetu linasikika karibu kama tusi, wafafanuzi hawalielewi kwa namna moja. Wengine husema baba wa mtu yule alikuwa bado hai, na kwamba kijana alikuwa akiomba kungoja mpaka siku ya kifo chake itakapofika. Wengine hukumbusha desturi ya Wayahudi wa wakati ule ya kuikusanya mifupa ya marehemu na kuiweka katika sanduku la mawe baada ya mwaka hivi. Kwa vyovyote vile, jibu halipunguzwi makali mpaka likose maana. Mtu yule alikuwa ametanguliza neno "kwanza", na neno hilo ndilo lililokataliwa.

Pengine kinachowachanganya wasomaji wengi ni kwamba Yesu hakumdai kila mtu kitu kimoja. Tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze vyote alivyo navyo awape maskini. Zakayo aliahidi nusu ya mali yake pamoja na kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya, akabaki Yeriko, na Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika nyumbani kwake. Yoana, mke wa Kuza aliyekuwa wakili wa Herode, pamoja na Susana na wanawake wengine wa Luka 8:3, walisafiri na Yesu na kuihudumia safari kwa mali zao, jambo ambalo lisingewezekana kama wangeziuza zote siku ya kwanza. Wavuvi waliambiwa waache nyavu. Lakini yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyetolewa pepo na ambaye alimsihi Yesu amruhusu kufuatana naye, alikataliwa. Akaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake awaeleze mambo makuu ambayo Bwana amemtendea. Ni yeye peke yake katika Marko anayeomba waziwazi ruhusa ya kuwa pamoja naye, na jibu analopewa ni kurudi kwao.

Tofauti hizi hazimaanishi kwamba masharti yanabadilika kwa upendeleo. Fundi mwenye busara anamjua kila mwanagenzi; mmoja anamnyang'anya nyundo kwa kuwa anapiga ovyo, mwingine anampa nyundo kwa kuwa anaiogopa. Tajiri yule alikuwa ameshikwa na mali, na Marko anaona inafaa kueleza kwamba Yesu alimkazia macho akampenda kabla ya kumwambia neno lile gumu. Kwa sababu hiyo sheria moja ya nje haiwezi kupima ufuasi, na kila mara kanisa lilipojaribu kuitunga, iwe kuhusu mavazi, vyakula au kiasi cha sadaka, lilipata watu wanaoishika sheria na kumkwepa aliyewaita.

Hapo ndipo linapoingia swali la neema. Mtume Paulo, ambaye katika nyaraka zake halitumii kabisa neno "mwanafunzi", anawaandikia Waefeso kwamba wameokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, kisha katika mstari wa 10 wa sura hiyo ya 2 anaongeza kwamba waliumbwa katika Kristo ili watende matendo mema. Wengi husoma nusu moja kulingana na tabia zao. Simulizi za Injili hazizitenganishi. Lawi aliitwa akiwa ameketi forodhani, kabla hajatubu mbele ya watu, kabla hajarudisha senti moja. Nafasi ya uanagenzi hainunuliwi na wala haina ada. Mtu anachukuliwa bure. Lakini kuchukuliwa bure si kukaa bure, na kijana aliyepokelewa karakanani bila malipo, akalala juu ya maranda mwaka mzima, hawezi kusema kwamba anauheshimu wema wa fundi.

Kanisa la karne za kwanza lililijua hili. Mwongozo wa kanisa wa karne ya 3, ambao kwa desturi huhusishwa na Hippolytus wa Roma, unaagiza kwamba wanaojiandaa kwa ubatizo wasikilize neno kwa miaka 3, ila mtu akiwa na bidii kinachopimwa ni mwenendo wake wala si muda. Walipokaribia kubatizwa waliulizwa kama waliishi kwa uadilifu, kama waliwaheshimu wajane, kama walitembelea wagonjwa, na waliowadhamini walitakiwa kushuhudia. Kazi zao pia zilichunguzwa: mpiganaji wa michezo ya kuuana aliambiwa aache au akataliwe. Dola ya Kirumi ilipoukumbatia Ukristo katika karne ya 4, watu wakaingia kwa wingi, na uchunguzi wa namna hiyo ukalegea. Tayari hapo Misri, mnamo mwaka 270, kijana aitwaye Antonio, mwenye umri wa miaka 20 hivi, alikuwa amelisikia kanisani neno la Mathayo 19:21 la kuuza vyote, akalitii, na hatimaye akaenda jangwani. Maelfu walimfuata katika vizazi vilivyofuata. Heshima yao ni ya haki, ingawa kukua kwa utawa kulizaa pia, bila wao kukusudia, wazo kwamba wapo Wakristo wa kumfuata Yesu na wapo wa kuhudhuria tu, wazo ambalo halijatutoka.

Kwetu Afrika Mashariki, jaribio kubwa zaidi la kulivunja wazo hilo lilikuwa Uamsho ulioanza Gahini, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 1929 daktari wa misheni ya Gahini, Joe Church, na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 na 1940 moto ule ukasambaa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliitwa Balokole, Kiganda cha "waliookolewa", na ndiko Kiswahili kilikopata neno mlokole, ambalo leo wengi hulitumia bila kujua lilikotoka, mara nyingine kwa kejeli. Nguvu ya Balokole haikuwa katika mikutano mikubwa pekee. Walikutana vikundi vidogo kila wiki na kufanya kile walichokiita kutembea nuruni, wakiifuata 1 Yohana 1:7: mtu alitaja dhambi yake kwa jina mbele ya ndugu, kisha akaenda kurudisha alichoiba na kumwomba radhi aliyemkosea, hata kama alikuwa mtu wa chini yake. Mmisionari wa Kizungu kuungama mbele ya Waafrika, katika miaka ile ya ukoloni, lilikuwa jambo la kustaajabisha kuliko hotuba yoyote kuhusu usawa.

Mafunzo ya vikundi vile yalionekana wakati wa dhiki. Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau kuanzia mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo na wengine wakauawa kwa sababu hiyo, huku baadhi yao wakikataa pia kubeba bunduki za serikali. Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kupitia Balokole na kuwa askofu mkuu wa Kianglikana mwaka 1974, aliungana na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, akauawa tarehe 16 Februari 1977. Serikali ilidai ni ajali ya gari.

Ingekuwa si haki kuuacha Uamsho hapo, kana kwamba ulikamilika. Ndugu wenyewe waligawanyika baadaye kuhusu nani ameamka zaidi ya mwenzake, na mahali pengi kuokoka kukageuka orodha ya makatazo pamoja na ushuhuda wa siku moja unaorudiwa kwa maneno yale yale kwa miaka 40. Lililo zito zaidi, Rwanda, nchi ambamo moto ule uliwashwa na ambamo watu wengi sana walikuwa wamebatizwa, ndiyo ilikopita mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na makanisa kama ya Nyamata na Ntarama, ambako watu walikimbilia, yakawa machinjio. Waliobatizwa waliwaua waliobatizwa. Hakuna maelezo ya ufuasi yanayostahili kusikilizwa katika kanda yetu kama yanalikwepa jambo hilo, na mimi sioni namna ya kulieleza bila kurudi kwenye Luka 14: wengi walikuwa wamelipokea jina la Kristo, lakini kabila lilibaki na neno la mwisho.

Si wote. Katika mji wa Gisenyi aliishi Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa mhudumu mlei wa Kanisa Katoliki, ambaye aliwaficha Watutsi katika nyumba ya kanisa aliyoisimamia. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu aliokuwa nao, na mwezi wa Aprili 1994 akauawa pamoja nao. Alimpenda kaka yake. Lakini yeye hakuwa ndiye anayetangulia njiani.

Wengi wetu hatutafikishwa huko, na hakuna haja ya kuyatamani mateso ya mwingine. Mwishoni mwa Injili ya Yohana Petro, akiwa ameshaambiwa atakufa vipi, anageuka na kumwona mwanafunzi mwenzake, akauliza, na huyu je? Anajibiwa kwamba hayo hayamhusu; yeye amfuate Yesu.

Luka, katika Matendo 9:36, anamtaja mwanamke wa Yafa aitwaye Tabitha, na kumpa jina la mwanafunzi katika umbo la kike la neno hilo la Kigiriki, umbo ambalo halionekani tena popote katika Agano Jipya. Hatuambiwi alifundishwa na nani, wala alibatizwa lini, wala kama aliwahi kusimama mbele ya watu kushuhudia. Alipougua akafa, na Petro akaitwa kutoka Lida, wajane wote walimzunguka wakilia, na badala ya kueleza habari zake wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabitha aliwashonea alipokuwa pamoja nao.